Ekzosi ya Mabomba Marefu na Uhai wa Mlinzi

Gari linalotoka Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma, na kushika barabara ya kupanda Bigogwe, huonekana kuchoka upesi. Dereva hulaumu injini. Fundi naye humwambia dawa ni kung'oa ekzosi ya kiwandani na kufunga mabomba marefu, yale yaitwayo hedasi. Ushauri huo umekwisha kupendwa na vijana, wala si wa uraiani peke yao.

Kinachopungua hasa ni hewa. Gisenyi ipo karibu mita 1,470 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Injini ya petroli isiyo na tabo ya kusukuma hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Mabomba marefu hayaongezi hewa angani. Huipa kila silinda njia yake ya kutolea moshi, na njia hizo hukutana mbali, ili moshi wa silinda moja usaidie kuvuta wa nyingine. Faida ipo, nayo ni ndogo. Pikapu ya dizeli yenye tabo haifai kufungwa mabomba hayo, kwa kuwa tabo yake huzungushwa na moshi huo huo, karibu kabisa na injini.

Kazi yenyewe hutaka subira. Injini ipoe, waya wa betri utolewe, gari likae juu ya stendi madhubuti wala si jeki pekee. Nati zenye kutu hutiwa mafuta na kuachwa zilainike. Anayezilazimisha huvunja boliti ndani ya injini, na kazi ya siku moja ikawa ya wiki. Gasketi huwa mpya, na nati hukazwa kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda kingoni. Gari likishatembea na kupoa, hukazwa tena. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo mafundi wenye haraka huiruka.

Nati iliyolegea hupitisha moshi, na ndani yake mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Kivu wanajua habari ya mazuku, hewa nzito itokayo ardhini na kumwua aliyelala bondeni. Mazuku ni kaboni dioksidi, hewa nyingine kabisa. Kuvizia kwake ndiko kunakofanana. Askari wa doria anayefunga vioo kwa baridi, injini ikiunguruma usiku kucha, huanza kuumwa kichwa akadhani ni usingizi.

Tena mabomba hayo mara nyingi hayaachi nafasi ya katalisti, nayo hukatwa na kuuzwa kwa thamani ya madini yake, ilhali ndiyo inayopunguza sumu hiyo. Rwanda ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda ubora wa hewa. Polisi atamsimamishaje raia kwa moshi na kelele, hali lake mwenyewe linanguruma vivyo hivyo?

Mkuu wa zamu na asikilize gari linapowashwa alfajiri likiwa baridi. Mlio wa tiki-tiki ubavuni mwa injini, au masizi meusi penye gasketi, watosha kulirudisha gereji kabla usiku haujaingia.