Presha ya Maisha: Mafunzo Kutoka Uwanjani

Mazungumzo haya yametayarishwa ili yasomwe katika mabaraza ya wananchi, mikutano ya vyama na vikundi vya vijana. Kila kikundi kina ruhusa ya kuyanakili.



Neno "presha" lina maana mbili huku mitaani. Ya kwanza ni ugonjwa wa shinikizo la damu. Ya pili ni ule mzigo wa moyoni: karo haijalipwa, mwenye nyumba anabisha mlango, mkopo wa simu umepita siku yake na mvua imechelewa shambani. Ya kwanza hupimwa kwa mashine katika zahanati. Ya pili haina mashine, na ndiyo maana wengi huibeba kimyakimya mpaka iwalemee. Mazungumzo ya leo yanahusu hiyo ya pili.

Wakenya wana walimu wa somo hili, nao ni wanariadha wao. Kumbukeni usiku wa tarehe 5 Agosti 2024 jijini Paris. Faith Kipyegon alimaliza wa pili katika fainali ya Olimpiki ya mita 5,000, nyuma ya Mkenya mwenzake Beatrice Chebet. Muda mfupi baadaye ilitangazwa kwamba ameondolewa kwenye matokeo kwa madai ya kumzuia mpinzani wake kutoka Ethiopia. Kenya ikakata rufaa, na usiku uo huo akarudishiwa medali yake ya fedha. Asubuhi iliyofuata alikuwa na mbio nyingine, mchujo wa mita 1,500. Alikimbia, akafuzu, na tarehe 10 Agosti akashinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 51.29, rekodi ya Olimpiki. Akawa mwanariadha wa kwanza kushinda mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo.

Kisa hicho kina mafunzo manne kwa mwananchi wa kawaida.

La kwanza ni kutofautisha kilicho mikononi mwako na kisichokuwa mikononi mwako. Uamuzi wa marefa haukuwa wa Kipyegon. Rufaa ilikuwa na njia yake na watu wake. Kilichobaki kwake kilikuwa kujiandaa kwa mbio za kesho. Mkulima naye hawezi kuita mvua. Anaweza kuuliza afisa wa kilimo wa wadi ni mbegu gani inayokomaa mapema. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila haki anaweza kupeleka malalamiko yake panapohusika, kisha akaendelea kutafuta riziki huku akisubiri jibu. Kukesha ukimlaani aliyekukosea hakuharakishi jibu hilo hata kwa siku moja.

La pili ni kuutuliza mwili kabla ya kuamua jambo. Mtu akiingiwa na hofu, moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi na misuli hukaza. Hiyo si dalili ya udhaifu. Ni mwili unaojiandaa kupambana, na hata bingwa huyapata hayo mstarini. Tofauti ni kwamba bingwa amejifunza la kufanya. Vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Rudia kwa dakika mbili au tatu. Pumzi inayotoka polepole huupunguza mwendo wa moyo, na hapo akili hurudi kazini. Ujumbe wa hasira ambao haujatumwa hauhitaji kuombewa msamaha.

La tatu ni kuzigawa mbio vipande vipande. Mkimbiaji wa marathon hawazi kilomita 42 zote kwa pamoja. Huwaza kilomita aliyo nayo. Chukua mfano wa mwendesha bodaboda mwenye mikopo mitatu ya simu: shilingi 2,500, 4,000 na 5,500. Ongeza salio la karo la shilingi 9,000. Jumla ni shilingi 21,000, na akiitazama jumla hiyo usiku, usingizi unaruka. Lakini tuseme baada ya mafuta hubaki na shilingi 700 kwa siku, na nyumbani hutumia 450. Zinabaki 250. Kwa siku sita za kazi ni shilingi 1,500 kwa wiki, na kwa wiki 14 mzigo umeisha, ikiwa hataongeza deni jipya. Mkopo unaozaa riba na faini huenda ukazidisha wiki hizo, kwa hiyo huo ndio ulipwe kwanza. Kuhusu karo, amwone mwalimu mkuu mapema na kuomba kulipa kidogo kidogo, asingoje mtoto arudishwe nyumbani.

Wapo wanaotaka kumaliza deni lote kwa kamari. Huyo ni sawa na timu iliyofungwa mabao matatu inayotaka kuyarudisha yote kwa mkwaju mmoja. Mabao hurudishwa moja moja.

La nne ni kutokimbia peke yako. Tarehe 12 Oktoba 2019 jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathon kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia ilimshangilia yeye, lakini wakimbiaji 41 walipokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mtu anahitaji wachache wa kumkinga upepo: ndugu, jirani, wenzake wa chama, imamu au mchungaji.

Hapa wanaume hasa wasikie. Kijana wa kiume hufundishwa kwamba kulia ni aibu na kusema "nimeshindwa" ni kujidhalilisha. Siku ile ile Kipyegon aliposhinda dhahabu yake, Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alisimama baada ya kilomita 30 za marathon ya Paris. Mwili ulikataa. Hakuwahi kushindwa kumaliza marathon kabla ya hapo. Aprili 2025 alirudi barabarani London, akamaliza wa sita. Heshima yake haikupungua kwa sababu alisimama.

Ikiwa usingizi umepotea kwa majuma, chakula hakishuki, pombe imekuwa dawa, au wazo la kujitoa uhai limeingia, usingoje. Mweleze mtu mmoja leo, kisha uende kituo cha afya kilicho karibu au umwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kwa miaka mingi wengine waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinakiuka Katiba. Anayeumia ni wa kutibiwa, si wa kufungwa.

Na wewe uliye mzima, jirani akija na mzigo wake, usianze kwa kumhukumu wala kumlinganisha na wengine. Mpe kiti, mpe maji, msikilize mpaka amalize. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hufichua pale tu anapoona pana mtu wa kumsitiri.