Kompyuta Kuukuu Yaweza Kugawa Intaneti, Lakini Tupige Hesabu



Vikundi vingi vimetuuliza: tukitaka kuwauzia majirani intaneti, ni lazima tununue mitambo ya bei kali? Jibu letu ni hapana.

Chombo kinachogawa intaneti huitwa ruta. Ni kama yule mama wa kioski cha maji: bomba ni moja, mitungi ni mingi, naye huhakikisha kila mtu anapata alicholipia. Kazi hii hata kompyuta ya kawaida yaweza kuifanya. Fundi huiwekea kadi mbili za mtandao, moja ya kupokea kutoka kwa kampuni, nyingine ya kupeleka kwa wateja. Kisha huiwekea programu ya bure kama Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Si jambo geni. Kampuni ya MikroTik ya Latvia, iliyoanza mwaka wa 1996, iliuza programu ya kugeuza kompyuta kuwa ruta kabla haijaanza kutengeneza ruta zake yenyewe.

Lakini tusidanganyane. Rahisi inavunja upishi. Kompyuta inayokula wati 80 usiku na mchana humaliza yuniti 58 hivi za stima kwa mwezi. Ruta ndogo ya wati 10 humaliza kama 7 tu. Tofauti ni yuniti 50 hivi kila mwezi, na pesa hizo hutoka katika mfuko wa kikundi. Tena vumbi huziba feni, na stima ikipotea ghafla diski yaweza kuharibika.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni haya:

Kwanza, pimeni stima mtakayotumia mwaka mzima, kisha mlinganishe na bei ya ruta ndogo.

Pili, wafundisheni watu wawili au watatu. Kijana mmoja akijua peke yake, siku akienda Nairobi kutafuta kazi wateja wote watakaa gizani.

Tatu, ulizeni kampuni kama mkataba unaruhusu kuuza tena, na mtafute leseni. Mamlaka ya Mawasiliano iliweka utaratibu wa mitandao ya jamii mwaka wa 2021.

Kompyuta kuukuu ni nzuri ya kujifunzia na kuanzia. Ikiwa hesabu inakubali, anzeni. Ikikataa, wekeni akiba kwanza.