Mungu Yuko Hata Kwenye Foleni ya Mgao

(Hotuba ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi siku ya kukumbuka kuvuka mpaka)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya kukaa karibu na Mungu katika maisha ya kila siku. Mimi si mchungaji wala padre. Mimi ni mwalimu, na mwalimu huanza na kile ambacho watoto wamekiona.

Watoto waliozaliwa hapa hawakuiona safari yetu, basi nawaambia. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na wengine wengi mno wakafukuzwa makwao. Januari 2008 maelfu yetu tuliingia Uganda kwa Busia na Malaba. Tulipelekwa Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye wengi tukaletwa Kiryandongo. Wakati huo nilikuwa nataka kuingia darasa la nane.

Usiku wa kwanza mimi na mama tulilala Dabani, karibu na mji wa Busia. Mama mmoja wa pale alitukuta kando ya njia. Hakutuuliza kabila wala dhehebu. Alitupa maji ya kuoga, kisha ugali wa muhogo. Kabla hatujala akasema, "Tumshukuru Mungu." Mama yangu alilia. Nyumba ilikuwa imeungua siku ile ile, naye anaambiwa ashukuru. Lakini alishukuru. Tangu siku hiyo, mpaka alipofariki, hakula bila kushukuru, hata kama ni uji mtupu.

Ndugu zangu, wengi wetu husema, "Nikirudi nyumbani nitamtumikia Mungu vizuri. Hapa hakuna kanisa la matofali, na padre huja kwa nadra." Nataka muwakumbuke Wakristo wa kwanza wa Buganda. Mapadre wa White Fathers walifika mwaka 1879. Novemba 1882 waliondoka, wakaenda kusini mwa ziwa, wasirudi mpaka Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu wale wanagenzi hawakuwa na padre wala Misa. Je, imani ilikufa? Haikufa. Walikusanyika majumbani, wakaomba, wakafundishana dini. Mapadre waliporudi, waliwakuta wameongezeka.

Mmoja wao alikuwa Matia Kalemba Mulumba. Huyu hakuwa Mganda kwa kuzaliwa. Alitoka Busoga, akatekwa angali mtoto, akapelekwa Buganda. Alikulia ugenini kama watoto wetu. Mwisho wa Mei 1886 aliuawa kwa ajili ya imani, na mwaka 1964 alitangazwa mtakatifu pamoja na wenzake 21. Na tusisahau kwamba kule Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto siku moja. Hakuna aliyebaguliwa na moto ule.

Lakini kufa kwa ajili ya imani ni jambo la siku moja. Kabla ya hapo watu wale waliishi siku nyingi za kawaida, wakifanya kazi zao na kuomba. Hizo ndizo zinazotuhusu sisi.

Sasa nitasema jambo ambalo ni gumu kwangu, na watumishi wa mashirika walisikie pia. Mama alipofariki, sikuenda kutoa jina lake kwenye kadi ya mgao. Miezi miwili nilipokea mahindi na maharagwe ya marehemu. Nilijiambia kwamba watoto wana njaa, na njaa ilikuwa kweli. Nilijiambia kwamba wengine hufanya zaidi. Kila Alhamisi niliongoza sala ya jumuiya, na maneno yalitoka vizuri, lakini moyoni niliona kama naongea peke yangu.

Siku moja niligawa madaftari darasani. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akaja mezani akasema, "Mwalimu, umenipa mawili." Mtoto huyo huandika hata kwenye jalada kwa kukosa karatasi. Nilipokea daftari lile, nikashindwa kumtazama usoni.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini na kadi. Nilieleza yote. Jina la mama likafutwa, na hilo liliniuma kama mazishi ya pili. Mgao ukapungua, na siku za mwisho wa mwezi tulikunywa uji jioni. Sitawadanganya kwamba Mungu alileta gunia usiku. Hakuleta. Lakini tuliposhukuru kwa uji ule, nilijua kwamba nasikiwa.

Basi kukaa karibu na Mungu si kungoja kanisa zuri wala kungoja kurudi nyumbani. Unapongoja zamu kwenye bomba, mwombee aliye mbele yako badala ya kumsukuma. Ukigombana na jirani, nenda kwake kabla ya kulala. Ukipima mahindi ya mwenzako, pima kama unajipimia mwenyewe. Mgonjwa akiwa peke yake, mpelekee maji. Na mtoto akikuonyesha kosa lako, mshukuru, kwa maana huenda ametumwa.

Nanyi watumishi wa mashirika, kumbukeni kwamba nyuma ya kila jina mnalolifuta kwenye kadi kuna mtu aliyependwa. Lifuteni kwa upole, kama nilivyofanyiwa mimi.

Yule mama wa Dabani sikumwona tena, na jina lake silijui. Mungu analijua. Namwomba awabariki yeye na ninyi nyote.