Ada ya Kulea Watoto Nyumbani

Msikilizaji, umeamua kulea watoto wa wenzako mchana, hapo nyumbani kwako Mbagala au Kimara. Ukishaonana na afisa ustawi wa jamii kuhusu usajili, usikimbilie kuuliza jirani anatoza ngapi. Shika daftari. Tuseme uji, mkaa, maji na sabuni ni shilingi 240,000 kwa mwezi, na ujira wako 300,000. Kwa watoto sita, kila mmoja ni 90,000. Je, mmoja akihama? Basi gawa kwa watano: 108,000.

Kisha andikianeni mkataba, hata kama mzazi ni rafiki yako. Tena hasa akiwa rafiki. Ada ilipwe kabla ya mwezi kuanza. Mtoto akiugua siku tatu, nafasi yake bado umemshikia, kwa hiyo ada haipungui; ukifunga wewe, mpunguzie. Kinachogombanisha watu zaidi ni saa ya kumchukua mtoto, maana foleni ya Dar haina adabu. Wekeni saa kumi na mbili jioni, na malipo ya kila nusu saa inayozidi. Wanaoruhusiwa kumchukua watajwe kwa majina. Anayetaka kuacha atoe taarifa ya mwezi mmoja, na kila upande ubaki na nakala iliyosainiwa.