MAZOEZI YA VIUNGO: TUANZE POLEPOLE



Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hujitokeza barabarani hapa Zanzibar, na hilo ni jambo la kupongezwa. Khofu yangu ni kwa yule aliyekaa kitini mwaka mzima, naye siku hiyo akataka kukimbia sawa na vijana.

Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku 2. Kutembea kwa haraka kunatosha. Kipimo chake ni kuwa waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Anayeanza na aanze kwa dakika 10, aongeze kidogo kidogo. Pumzi huzoea mapema kuliko kano za miguu. Ndiyo maana wengi huumia pale wanapojiona wameshapata nguvu.

Wenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo wamuone daktari kwanza. Maumivu ya kifua au kizunguzungu katikati ya mazoezi si uvivu: simama hapo hapo, na upelekwe hospitali. Wenzako wakikucheka, waache wacheke.