Kushusha Corolla ya Zamani: Je, Difu ya Nyuma Ibadilishwe?

Mada kwa mafundi wa gereji na wenye magari, Oldonyo Sambu

 

Swali nililopewa limetoka kwa vijana wa hapa hapa. Wana Corolla KE70, gari lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1979, wanataka kulishusha. Mjini wameambiwa kwamba ukishusha gari la namna hiyo huna budi kung'oa difu ya nyuma na kufunga nyingine. Jibu langu nalitoa mapema ili asije akaondoka mtu kabla ya chai bila kulisikia: shusha kidogo, na difu iache ilipo mpaka yenyewe ikupe sababu.

Ninaposema difu nina maana ile ya gereji, yaani chuma kizima cha nyuma: gamba, ekseli mbili zilizo ndani yake, kraunwili na pinioni. Kwenye KE70 ya saluni chuma hicho kimeshikwa na mikono minne kwenda mbele, springi mbili za mviringo, na fimbo moja iliyolala kwa upana wa gari, mguu mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye difu. Stesheni yake ni habari nyingine, ina springi za mabamba.

Wengi wanaidharau difu ya namna hii kwa sababu ni ya kizamani. Naomba tuitendee haki. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mbio za Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun Violet yenye difu ya chuma kimoja. Toyota Celica iliyoshinda mwaka 1984, 1985 na 1986 ilikuwa na difu ya chuma kimoja vilevile. Na kabla yao Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, nayo ni ya ukoo huo huo. Hayo yalikuwa matope na mawe ya kwetu, kwa mwendo ambao hakuna aliyemo humu ndani angethubutu. Tatizo la gari la zamani linalotangatanga barabarani mara nyingi siyo aina ya difu. Ni bushi zilizokwisha.

Sasa tuangalie mahali tulipo. Barabara ya Arusha kwenda Namanga ina lami nzuri, lakini hakuna anayelala juu ya lami. Ukiiacha hatua chache unakuta vumbi laini la majivu ya Mlima Meru, na mvua ikinyesha vumbi hilo linachimbika kuwa korongo kwa usiku mmoja. Kwenye lami yenyewe kuna matuta. Ndiyo maana kazi yetu kubwa hapa ni kunyanyua magari: Noah inaletwa, inafungwa spesa, inarudi kubeba watu na mizigo yao. Hata hivyo simlaumu anayetaka gari lake likae chini. Gari lililoshuka kwa kiasi linatulia kwenye kona, na upepo wa tambarare za Longido haulisukumi sana. Pia linapendeza, na kupenda gari lako lipendeze si kosa.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Kwenye gari la difu ya chuma kimoja, ukikata springi, difu haishuki hata milimita moja. Tumbo la difu linakaa pale tairi inapoliweka. Kinachoshuka ni bodi pamoja na vyote vilivyofungwa kwenye bodi: sampu ya oili kule mbele, ekzosti, bomba la petroli. Basi anayebadilisha difu akidhani anaokoa tumbo la gari anafanya kinyume, kwa sababu difu kubwa ina gamba kubwa, na gamba kubwa liko karibu zaidi na jiwe. Tairi nyembamba za rimu za mapambo ndizo zinazoteremsha kila kitu, difu ikiwemo.

Niingie kwenye springi, maana hapo ndipo tunapoumia. Njia ya kwanza inayotumika ni gesi: springi inapashwa moto mpaka inalegea na gari linakaa. Hii naomba tuiache kabisa. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu. Ukikichoma umeua nguvu yake, kitaendelea kukaa kila wiki na siku moja kitavunjika. Njia ya pili ni kukata. Kukata kunakubalika kama unajua unachofanya. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiondoa mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, kwa sababu ugumu unapanda kadiri mizunguko inavyopungua. Ugumu huo kidogo ndio unaozuia gari lililo chini lisigonge raba. Lakini springi iliyokatwa ni fupi, na shokapu iliyobaki ni ndefu ile ile.

Nieleze kosa langu. Miaka ya nyuma nilimkatia mteja springi za nyuma mzunguko mmoja na nusu, nikarudisha shokapu zake za zamani. Uwanjani gari lilipendeza. Jioni, akitoka barabarani kuingia njia ya kwake, gurudumu moja lilining'inia kwenye korongo, difu ikashuka kadiri shokapu ilivyoruhusu, springi ikabaki haina wa kuibana, ikachomoka kwenye kikombe chake. Aliendelea mita chache, springi ikalala upande na kukata mpira wa breki. Mkewe na mtoto walikuwa ndani. Hawakuumia, kwa kuwa mwendo ulikuwa wa kutembea, lakini mpaka leo sikati springi bila kuinua gari kwanza, kuacha magurudumu yaning'inie, na kuizungusha springi kwa mkono. Ikizunguka kirahisi, shokapu fupi zitafutwe au kazi isifanyike.

Hoja ya vijana kuhusu difu inatokana na ile fimbo ya upana. Wameambiwa kwamba bodi ikishuka, fimbo inaisukuma difu upande mmoja na tairi inagusa madigadi. Ni kweli inaisukuma, lakini tupige hesabu. Tuchukue kwa mfano fimbo ya sentimita 90 iliyolala sawasawa. Ncha moja ikishuka sentimita 5, difu inahama kwa milimita moja na nusu hivi. Ikishuka sentimita 10, inahama karibu milimita 6. Kwa hiyo aliyeshusha sentimita 3 au 4 hana ugonjwa wowote wa kutibu. Aliyeshusha 10 anahitaji fimbo yenye uzi wa kurekebisha urefu, kazi ya fundi wa kukereza chuma, si difu nzima.

Propela nayo iangaliwe. Bodi ikishuka, pembe ya krosi za mbele na nyuma inabadilika, na pembe hizo zisipolingana gari linatetemeka kwenye mwendo fulani hata kama matairi yamebalansiwa vizuri. Kwa Hilux na Hiace kuna hatari zaidi: kwenye difu kuna kikono kinachoiambia valvu ya breki kwamba gari limepakia. Ukishusha bodi, kikono kinadhani kuna mzigo, kinapeleka nguvu nyingi breki za nyuma, na siku ya mvua nyuma inafunga na gari linageuka. Rekebisheni kikono hicho kabla gari halijatoka gereji.

Lini basi difu ibadilishwe? Naona sababu mbili za kweli. Ya kwanza, imekufa: inalia, kraunwili imelika, na spea hazipatikani. Ya pili, injini imebadilishwa. KE70 ilitoka na injini ya 4K ya sisi 1,290, na difu yake ndogo inatosha nguvu hiyo. Ukiweka injini kubwa, meno yataliwa. Hapo difu inayofaa ni ya ndugu yake AE86, kwa kuwa mikono na fimbo vinakaa mahali pake bila kuchomelea. Ile ya AE86 yenye injini ya 4A-GE ina kraunwili ya inchi 6.7. Kuipata Arusha ni kazi ngumu, nakubali.

Kinachopatikana kirahisi ni difu ya pikapu. Hiyo ina upana tofauti, nati tano au sita wakati mbele una nati nne, kwa hiyo utatembea na tairi mbili za akiba au bila ya kufaa. Imetengenezwa kukalia mabamba, kwa hiyo lazima uchomelee masikio mapya kwenye gamba, na joto la kuchomelea linapinda gamba bila macho kuona. Ekseli iliyomo ndani ya gamba lililopinda inakula beringi na kuvujisha oili kwenye breki. Nimefungua difu za namna hiyo, sikupata hata moja iliyokuwa kavu.

Halafu kuna uwiano wa meno, yaani propela inazunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja. Difu ya 3.9 kwenye tairi ya 155 ya inchi 13, gia ya nne, kilomita 100 kwa saa, inaizungusha injini mara 3,580 hivi kwa dakika. Ukiweka ya 4.3 inapanda hadi karibu 3,950. Kwenye mlima inavuta vizuri, lakini kwenye mnyooko wa kwenda Longido injini ya 4K inapiga kelele njia nzima na petroli inaondoka. Kwa hiyo usinunue difu ya mtumba bila kuhesabu.

Kuhesabu hakuhitaji kufungua chochote. Gari liko nje kwenye jeki na stendi, gurudumu moja tu la nyuma limeinuliwa, jingine liko chini na limezuiwa kwa jiwe, gia iko huru, hendibreki imeachiwa. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Mmoja azungushe gurudumu mara mbili kamili, kwa kuwa jingine limesimama na mbili hizo ni sawa na mzunguko mmoja wa magurudumu yote mawili, mwingine alale chini na kuhesabu propela. Ikizunguka mara nne kasoro kidogo, ni 3.9. Nimeacha chaki juu ya boneti. Tutoke nje kabla jua halijawa kali, na wale vijana wenye KE70 ndio waanze.