Mche wa Parachichi Ulioagizwa kwa Simu

Msikilizaji, siku hizi mche wa parachichi aina ya Hass unaagizwa kwa simu, unalipiwa kwa simu hiyo hiyo, kisha unapokelewa stendi ukiwa ndani ya boksi. Kwa mkazi wa Usa River au Ngaramtoni, hapa Arusha, mara nyingi naiona hiyo kuwa hasara, hata bei ikiwa ndogo. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya takribani miaka 3. Uliooteshwa kwa kokwa tu huchukua miaka 5 na zaidi, na tunda lake huenda lisifanane kabisa na la mti mama. Picha ya muuzaji kwenye simu haikuonyeshi tofauti hiyo. Utaiona ukiushika mche: kovu la kubebesha liko juu ya udongo, limeshikana vizuri, na mizizi haijajisokota chini ya kiriba kama kamba.

Wapo watakaosema muuzaji wa mbali ana aina zisizopatikana hapa. Ni kweli kwa baadhi ya mimea, na hapo kuagiza kuna maana, mradi uulize kwanza cheti cha TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu na miche. Lakini kwa parachichi, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kiko hapa hapa Tengeru, na wataalamu wake wanaulizika. Tena udongo wa kiriba unaweza kusafiri na vimelea vya kuozesha mizizi, navyo vikishaingia shambani kuving'oa ni kazi ngumu mno. Muuzaji akishapokea pesa yake, shamba lililoambukizwa linabaki kuwa lako.